Gundi ya Gego

Kizibo kilitoka Jumanne usiku nikila ugali na sukuma wiki. Kama ningekuwa natafuna mfupa ama mahindi choma, ningeelewa. Lakini ugali? Nilikitema kiganjani: cheupe juu, kahawia chini, kidogo kuliko punje ya hindi. Ulimi ukaenda moja kwa moja kwenye shimo, na haukutoka huko wiki mbili.

Gego hilo lilizibwa nikiwa mwaka wa kwanza chuoni. Zamu ya mathe kwa chama ilikuwa imefika, na badala ya kununua meza aliyoitaka akanilipia jino, kwa sababu, alisema, mtoto wa chuo hawezi kukaa darasani ameshika shavu. Mwaka wa tatu karo ikanishinda, nikaacha. Masomo yakaisha, kizibo kikabaki.

Siku hizi naandika. Zile kazi zenye jina langu hulipa kidogo, zingine hazilipi kabisa. Kodi ya nyumba inatoka kwa zile ninazowaandikia wanafunzi wa ng'ambo, na huko jina huwa lao. Najua vile inasikika. Basi, wiki hiyohiyo ikaingia oda ya kurasa nane: gundi zinazoshikilia vizibo vya meno hudumu kiasi gani? Nilicheka mpaka hewa baridi ikaingia kwa shimo, nikanyamaza ghafla.

Nilikuwa nadhani kizibo hukaa kwa sababu kimeshindiliwa. Vile vya zamani vya rangi ya fedha ndivyo vilikuwa hivyo: daktari alichonga shimo liwe pana chini kuliko mdomoni, madini yakajifunga humo yenyewe. Hivi vyeupe hugandishwa. Mwaka wa 1955, daktari wa meno Mmarekani, Michael Buonocore, alionyesha kwamba ukipaka asidi ya fosforiki kwenye jino kwa muda mfupi, plastiki inashika vizuri zaidi. Wazo alilitoa viwandani, ambako asidi hiyo ilitumika kuandaa chuma kabla ya kupakwa rangi. Fundi wa magari pale mtaani angemwelewa mara moja. Lazima ukwaruze kwanza.

Ngozi ya nje ya jino, enameli, ni karibu madini matupu, kama asilimia 96 ya uzito wake. Asidi huichimba vishimo visivyoonekana kwa macho, gundi ya maji ikaingia humo, ikapigwa taa ya buluu, ikakauka. Hapo hushika miaka na miaka.

Shida iko ndani. Chini ya enameli kuna dentini, na dentini ni kitu hai, chenye unyevu, chenye vijitundu vinavyoelekea kwenye mshipa. Asidi ikiosha madini, hubaki wavu wa nyuzi za kolajeni, na gundi inapaswa kupenya kila pengo la wavu huo kabla ya kukauka. Daktari akikausha jino sana, nyuzi zinalala kama nyasi iliyokanyagwa, gundi haipiti. Akiacha maji mengi, maji yanafungiwa ndani pamoja na gundi. Katikati ya hayo mawili ana sekunde chache tu, na wewe umefungua mdomo, mate yanajaa, mtu anapiga simu hapo mapokezi.

Kisha nikafika sehemu iliyonifanya nisimame nizunguke chumba, ambacho kwa kweli huzunguki mbali. Zile nyuzi ambazo gundi haikuzifunika huliwa polepole, na kinachozila si bakteria peke yao. Dentini yenyewe ina vimeng'enya vilivyolala ndani yake tangu jino linaumbwa, na asidi ileile iliyopakwa ili kizibo kishike inaweza kuviamsha. Maji nayo yanaimega gundi kutoka upande wa pili. Watafiti huchukua meno yaliyong'olewa, huyagandisha, huyakata vijiti, huviweka majini kwa miezi ama miaka, kisha huvivuta mpaka vikatike. Mara nyingi, penye dentini tupu nguvu imeshuka. Pale ambapo enameli imezunguka ukingo wote kama ukuta, inashuka polepole zaidi.

Ugali haukuwa na kosa. Kilikuwa kimeanza kuachia zamani, pengine hata nikiwa bado darasani.

Nilituma kurasa nane, nikalipwa, nikaenda kwa daktari wa meno. Nilimpa kile kizibo kikiwa kwenye karatasi ya shashi. Alichungulia, akagusa na kile chuma chake chenye ncha.

"Shimo limeshuka mpaka karibu na ufizi. Huku chini enameli ni nyembamba sana."

"Kwa hivyo gundi imeshika dentini," nikasema.

Akaniangalia. "Unasomea wapi, kijana?"

"Sisomi. Naandika."

Kuziba upya, elfu nne. Kung'oa, elfu moja mia tano. Malipo ya zile kurasa yalikuwa elfu nne na mia mbili. Nilipiga hesabu ya kodi mara mbili nikiwa nimelala kwenye kile kiti, kisha nikasema azibe. Alichonga uozo uliokuwa chini, akajaza pamba, na wakati wa gundi nikapumua kwa pua bila kumeza chochote, macho kwa taa. Simu yake ililia. Hakushika. Nilitaka kumshukuru kwa hilo lakini mdomo haukuwa wangu.

Nikiwa kwa matatu, ganzi bado imeshika nusu ya uso, mathe akapiga.

"Jino linaendelea aje?"

"Limezibwa, Mama."

"Nani amelipa?"

"Mimi."

Alikaa kimya kidogo. "Na shule utarudi lini?"

Nikamwambia sisikii vizuri, tumeingia kwa msongamano.

Kwenye simu kulikuwa na ujumbe wa mteja. Mwalimu wake amefurahia ile kazi, na sasa anataka nyingine, kurasa kumi.