Kuzunguka Ruwenzori: Magonjwa Madogo ya Njiani



Huko Ulaya, majira ya baridi yakifika, jamaa nyingi hupanda milimani kucheza kwenye theluji. Wanafunga mbao ndefu miguuni na kuteleza mpaka chini. Wanarudi na mafua, midomo imepasuka, miguu ina malengelenge. Sisi wa Kamango tuko na theluji yetu pia, lakini tunaitazama kwa mbali. Iko juu ya Ruwenzori, kwenye kilele cha Margherita, mita 5109. Watu wa kwanza kukifikia walikuwa Waitalia, mwaka wa 1906, na tangu hapo barafu yake imepungua sana.

Hata hivyo, na sisi tuko na likizo yetu ya baridi. Masomo yakiisha, au Noeli ikikaribia, jamaa nyingi hutoka hapa bondeni kwenda kusalimia wazee wao Butembo na Lubero. Njia fupi ni ile ya Mbau, inayovuka mto Semuliki. Lakini kwa miaka mingi watu wameshambuliwa humo, na wengi wanaiogopa. Basi wanazunguka kwa upande wa Uganda: Nobili, Bundibugyo, Fort Portal, Kasese, Mpondwe, kisha wanaingia tena Kongo kwa Kasindi, wanapanda Beni na Butembo. Ni kusema wanauzunguka mlima karibu wote. Wengi wanaijua njia hiyo ya Bundibugyo kwa machozi, maana mwezi wa 7 mwaka 2013, Kamango iliposhambuliwa, makumi ya maelfu ya watu waliikimbilia kwa miguu, watoto mgongoni. Kupita hapo leo na kikapu cha zawadi ni jambo la kumshukuru Mungu.

Safari hiyo ni nzuri, lakini miili inachoka. Baada ya Bundibugyo mnapita karibu na maji ya moto ya Sempaya, yanayochemka yenyewe kutoka ardhini. Mshike mtoto mkono, yale si maji ya kuchezea. Halafu barabara inapanda na kona zake, na hapo ndipo watoto wanaanza kutapika. Hakuna neno. Msiwajaze chakula kabla ya kupanda gari. Mkalishe mtoto mbele, atazame mbali, dirisha likiwa wazi.

Kasese kuna joto. Ninyi wa machimbo mtapenda kujua ya kuwa karibu na hapo, Kilembe, shaba ilichimbwa miaka mingi. Ndipo watu hununua vitu vya kula kando ya njia, na kesho yake tumbo linaendesha. Ebola ya mwaka 2018 mpaka 2020 ilitufundisha kunawa mikono. Tusisahau kwa sababu imekwisha. Mtoto akiharisha, chukua lita 1 ya maji safi, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vijiko visijae kupita ukingo. Umnyweshe kidogo kidogo, na chakula usimnyime. Ukiona damu, au macho yameingia ndani, peleka kituo cha afya.

Sasa mmefika Butembo, juu ya mita 1700. Usiku baridi inashika. Midomo inakauka, pua zinatoka maji, na kila mmoja anasema, "Ni baridi tu." Hapa, wazazi wapenzi, ndipo nataka tusimame kidogo, juu neno hilo "baridi" linaficha mambo mawili makubwa.

La kwanza ni malaria. Mbu akikuuma Kamango, homa haiji kesho yake. Inakawia siku 7 au zaidi, mara nyingi siku 10 mpaka 15. Kumbe mtoto ameondoka mzima, amecheza na binamu zake wiki nzima, ndipo anaanza kutetemeka. Wazee wanamfunika blanketi na kumpa chai ya tangawizi. Lakini mwili umepanda mlimani, na damu ingali na ugonjwa wa bondeni. Mama akifika kituo cha afya, aseme mwenyewe kabla hajaulizwa: "Muganga, mtoto huyu ametoka Kamango, leo ni siku ya 9." Damu ipimwe siku ile ile. Na ninyi wa Butembo mnaowatuma watoto kukaa kwetu, au kwenye machimbo ya Manguredjipa, mjue kwamba wa kwenu hawajazoea malaria, inawaangusha upesi. Walale ndani ya mustikeri kila usiku, na wakirudi muwaangalie kwa wiki kadhaa.

La pili ni mbabula. Kwa kuogopa baridi, watu wanaiingiza chumbani na makala mekundu, wanafunga mlango na dirisha, wanalala. Makala hayo yanatoa hewa mbaya isiyo na harufu wala rangi. Watu wawili watatu wa nyumba moja wakiamka na kichwa kinauma, kizunguzungu na kichefuchefu, si mafua, wala si urefu wa mlima, maana ugonjwa wa mlima kwa kawaida huanza juu ya mita 2500. Fungua mlango, toa watu wote nje, tafuta msaada wa muganga. Wengine hawaamki kabisa. Mbabula ilale nje. Ndani yatosha blanketi, soksi, na watoto kulala pamoja.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mafua yatapita, malengelenge yatakauka. Lakini msafiri akiugua, tusimwulize tu, "Unasikia nini?" Tumwulize pia, "Umetoka wapi, tangu siku ngapi, na jana ulilala wapi?" Maswali hayo hayana bei. Yaulizeni, ili wote mliotoka pamoja mrudi pamoja.