Opsheni mezani kwa Kocha

Najua nimepotea, wiki tatu sijaandika kitu, na kuna mmoja wenu kanitumia meseji kuuliza kama nimefukuzwa chuo. Sijafukuzwa. Bado.

Ilikuwa hivi. Mwanzoni mwa Novemba nilifundisha somo langu la kwanza la kukaguliwa, darasa la saba, shule moja ya huku Georgia, mada ni sehemu. Andalio langu la somo lilikuwa kurasa nne, kila dakika imepangiwa kazi. Dakika ya sita mtoto mmoja akanyoosha mkono akauliza kwa nini ukigawanya kwa nusu jibu linakuwa kubwa badala ya dogo. Swali zuri hilo jamani! Mimi nikamwambia "tutafika huko", nikafungua ukurasa wa pili. Hatukufika. Mkaguzi akaniandikia kwamba nimefundisha andalio, sijafundisha watoto. Nimebakiwa na nafasi moja, Jumatatu ijayo. Nikifeli narudia muhula mzima wa mazoezi, na ada ya mwanafunzi wa kigeni mnaijua.

Basi na huzuni yangu hiyo hiyo nikaenda kula Sikukuu ya Shukrani, ile ya bata mzinga, nyumbani kwa mwenzangu wa chumbani. Baba yake anafundisha hisabati sekondari na ni kocha wa timu ya soka la Kimarekani ya shule hiyo hiyo. Mji mzima unamwita Kocha, hata mkewe. Nikashukuru, maana kumwita baba wa rafiki yangu kwa jina lake mdomo wangu haukubali.

Runingani kulikuwa na mechi, na mimi kwa kutafuta la kusema nikauliza kwa nini timu yake hairushi mpira, wanakimbia nao tu kila siku. Mwenzangu akafumba macho. Kumbe nimefungua bomba.

Kocha akasogeza sahani. Chupa ya tomato sosi ni kwotabeki. Nyuma yake kichupa cha chumvi, huyo ni fulubeki (msichanganyikiwe kama mimi, huku fulubeki siyo beki, ni mshambuliaji mnene anayepita katikati). Vijiko viwili huku na huku ni mawinga. Karanga ndio walinzi. Timu ina majaribio manne kusogea yadi 10, kama mita 9 hivi, na huu mfumo wa opsheni unaridhika na yadi tatu, nne, tano kila mara.

Ujanja wenyewe sasa. Timu nyingi hujitahidi kumzuia kila mlinzi aliye karibu. Hawa wanawaacha wawili makusudi, hawaguswi. Kwotabeki anamwekea fulubeki mpira tumboni huku macho yake yako kwa mlinzi wa kwanza aliyeachwa. Akimvamia fulubeki, kwotabeki anauchomoa mpira na kukimbia nao pembeni. Akisita, fulubeki anaondoka nao. Huko pembeni kuna wa pili aliyeachwa: akimjia kwotabeki, mpira anatupiwa winga, akimfuata winga, kwotabeki anakwenda nao. Na wale ambao wangekuwa wanahangaika na hao wawili wanakwenda mbele kuzuia wengine. Yaani mlinzi afanye lolote, amekosea.

Nikauliza, sasa mbona hawashindi kila siku? Kocha akacheka, akachukua karanga mbili.

Walinzi nao wana akili. Mlinzi wa kwanza anajifanya anamvamia fulubeki. Kwotabeki anasoma, anachomoa mpira, anageuka nje, na hapo anakuta mlinzi wa safu ya pili keshazunguka anamsubiri. Amesoma vizuri kabisa, ila alichosoma ni uongo! Nilidhani dawa yake ni kitabu kizima cha mbinu mpya. Hapana. Kocha alibadilisha vijiko tu: yule mwongo sasa anazuiwa, na winga anatumwa kumpokea anayezunguka. Au anayeachwa anakuwa mtu mwingine, lile jitu la katikati ya safu, ndilo linalosomwa sasa. Walinzi wakizoea kukimbilia upande anakoanzia winga, mchezo unaanza vile vile halafu unageukia upande wa pili. Na yule beki wa mwisho akichoka kungoja nyuma akapanda kusaidia, mpira unarushwa juu ya kichwa chake. Mwaka 2009 Demaryius Thomas wa Georgia Tech alidaka mipira 46 tu msimu mzima, lakini alipata yadi 1,154, zaidi ya yadi 25 kila akidaka. Kwenye timu isiyopenda kurusha! (Wakati huo mdogo wake mwenzangu alikuwa anakula walinzi mmoja mmoja, ikabidi tuongeze karanga.)

Mechi anayoipenda Kocha ni ya Novemba 2008, Georgia Tech na Chuo Kikuu cha Georgia, mwaka wa kwanza wa Paul Johnson pale Tech. Mapumziko Tech wako nyuma 28 kwa 12. Robo ya tatu peke yake wakapata pointi 26, wakamaliza 45 kwa 42, zaidi ya yadi 400 kwa kukimbia tu. Halafu kuna ya 2013, Georgia Southern walikwenda Florida wakashinda 26 kwa 20 bila kukamilisha pasi hata moja. Hata moja jamani.

Mimi nina kichwa kigumu, nikambana na mechi nyingine nilizozikuta kwenye simu pale pale mezani. Desemba hiyo hiyo ya 2008 LSU waliwapiga Tech 38 kwa 3. Januari 2010 Iowa wakawafunga 24 kwa 14. Kocha akakubali bila ubishi. Zote zilikuwa mechi za mwisho wa msimu, walinzi wamepewa wiki nyingi kufanya mazoezi ya kitu kimoja. Katikati ya msimu wana siku chache tu, na hakuna timu nyingine ya kuwazoesha. Septemba 2018 Army waliwafuata Oklahoma kwao, wakashika mpira zaidi ya dakika 44 kati ya 60, wakapoteza 28 kwa 21 katika muda wa nyongeza. Kwa hiyo siyo uchawi. Ukitanguliwa sana mapema, yadi nne nne hazikuokoi, saa inakumaliza.

Na sheria nazo hubadilika. Mwaka 2022 vyuo vilikatazwa kumzuia mtu chini ya kiuno nje ya eneo la katikati, na timu za opsheni ziliishi kwa kitu hicho. Army wakajaribu kumrudisha kwotabeki nyuma zaidi mwaka 2023, wakapata ushindi 6 na kupoteza 6. Mwaka 2024 wakarudi karibu na zamani, wakashinda mechi 12.

Tukiwa tunaosha vyombo nilimsimulia yule mtoto na nusu yake. Hakunipa hotuba. Aliniuliza tu: kabla hujaingia darasani, ulikuwa umepanga kumtazama nani? Nikanyamaza, nikaendelea kusugua sufuria. Baadaye akaniambia vijana wake wa miaka 16 wanafanya zoezi lile la kumsoma mlinzi mmoja kila siku ya mazoezi, mamia ya mara, na bado Ijumaa wanaamua kabla ya kuangalia. Hilo lilinitisha kuliko kunifariji, maana mimi nina siku tatu.

Andalio jipya lina ukurasa mmoja na nusu. Nimeanza na lile swali nililolikimbia. Chini yake nimeandika majibu matatu ambayo watoto wanaweza kunipa, na kila moja nitakwenda nalo wapi. La nne nimeacha wazi kwa sababu sijui atakayelileta. Nimenunua na mkate mmoja mzima, haujakatwa, wa kugawanya nusu nusu mbele yao.

Jumatatu saa tatu asubuhi. Niombeeni, na msinitumie meseji kabla ya saa tano.