Kutoka Mpala hadi Kirungu

Mpala ni mahali mto Lufuko umwagapo maji yake katika ziwa Tanganika. Hapo Kapteni Émile Storms, Mbeleji, alijenga boma mwaka 1883. Miaka miwili baadaye likakabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Kapteni mwingine, Léopold Joubert, Mfaransa, alikuja mwaka 1887 kuwalinda watu wasikamatwe na wauza watumwa. Alioa huku, akafia huku mwaka 1927. Wavuvi waanikao ndakala pwani hawasemi mengi juu ya makapteni hao.

Tulipanda mashua kwenda kusini, upepo wa kusi ukitupiga usoni. Toka bandari ya Moba njia yapanda hadi Kirungu, zamani Baudouinville, penye kanisa kubwa la matofali. Katika mji huu, tarehe 21 Julai 1917, Monsenyeri Victor Roelens alimpa Stefano Kaoze upadri, Mkongo wa kwanza wa nyakati hizi kuupata.

Kaoze alikuwa Mtabwa, mtoto wa Marungu. Wengi hukumbuka upadri wake; kazi aliyoutangulizia huijua wachache. Angali mseminari, aliandika kwa Kifaransa juu ya fikra za watu wake, na maandishi hayo yakachapwa mwaka 1910 na 1911. Wamisionari walikuja na Kilatini na Kifaransa. Hata Kiswahili walichofundishia kilikuwa mgeni huku, kimevuka ziwa pamoja na misafara ya pembe na watumwa. Watabwa walimwita Mungu Leza tangu kale. Nani basi angemweleza padri mgeni kwamba mzee anyamazaye mbele ya swali hakukosa jibu, bali apima heshima? Kwa maoni yetu, kurasa zile zilikuwa utume tayari.

Wala si Wazungu tu waliokuwa wageni. Ng'ambo, kule Karema, Adrien Atiman, mzaliwa wa nchi iitwayo leo Mali, aliyekombolewa utumwani na kusomea uganga Malta, alifika mwaka 1889. Alitibu na kufundisha dini hadi kufa kwake mwaka 1956.

Jumapili tulisali Misa kwa Kiswahili. Baada ya baraka mama mzee alimngoja padri mlangoni, akamweleza taabu yake kwa Kitabwa. Padri, mzaliwa wa jimbo la mbali, alimwita mwanafunzi afasiri. Kisha akamwomba mama mwenyewe amfundishe kusalimu. Mama aliyacheka matamshi yake, akamrudia neno lile polepole.