Nukta nyekundu ya Luthuli

SIKU utakapokuwa Nairobi na saa moja ya kupitisha, usikimbilie maduka makubwa yenye vioo. Shuka Luthuli Avenue, barabara iliyopewa jina la Albert Luthuli wa Afrika Kusini, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1960. Njia za waendao kwa miguu zilipanuliwa mwaka 2019, kwa hivyo utatembea kwa raha kidogo. Masikio yako ndiyo yatakayotaabika, maana wauzaji wa spika hujaribu bidhaa zao mlangoni.

Ukikaribia River Road, zile ngazi nyembamba za majengo ya zamani zisikutishe. Mimi nilipanda mojawapo, nikakaribishwa na mvumo wa feni na harufu ya mbao iliyoungua. Humo huandikwa vibao vya milango, vikombe vya ushindi na zawadi za harusi kwa mashine ya leza.

Nilimkuta mama mmoja wa makamo amekumbatia ubao wa mvule. Ulitoka kwenye meza ya marehemu babake, naye alitaka uandikwe jina la mzee.

“Fundi, mwanangu, ubao mwingine kama huu sina,” alisema.

Maneno hayo si mepesi. Mwali wa leza ya gesi ya kaboni dayoksaidi, aina iliyobuniwa na Kumar Patel huko Marekani mwaka 1964, hauonekani kwa macho. Fundi huweka ubao, hufunga kifuniko, kisha hukisia. Kijana huyu alikiri kwamba juma lililotangulia alikuwa amekosea kwa upana wa vidole viwili, akalipa ubao wa mteja.

Dawa aliipata papo hapo Luthuli: taa ndogo ya leza nyekundu itumiayo volti 5. Aliifunga kwa kipande cha bati kando ya kichwa cha mashine, ikiwa imeinama. Akaweka ubao wa kutupa, akafunga kifuniko, akapiga mwali mara moja. Pakatokea alama nyeusi. Akazima mwali, akafungua na, bila kukisogeza kichwa, akazungusha skrubu za taa mpaka nukta nyekundu ikatua juu ya alama ile.

“Na wangu ulio mnene zaidi?” mama akauliza.

Fundi akatabasamu. Mama alikuwa amegusa penyewe! Kwa kuwa taa imeinama, unene ukibadilika nukta nayo huhama. Basi akateremsha meza ya mashine hadi uso wa mvule ukawa mbali na lenzi sawasawa na ule wa kwanza. Kisha akaitembeza nukta pembe zote nne za mahali pa jina, mama akiangalia.

“Hapo hapo,” mama akasema.

Kifuniko kikafungwa. Dakika chache baadaye alikuwa akipitisha kidole juu ya herufi za jina la babake, zilizokaa katikati barabara. Hakusema neno.

Nawe ukienda, usiikodolee macho taa ile nyekundu, na fundi afanyaye kazi kifuniko kikiwa wazi mkimbie. Ukiwa na ubao wa thamani, muulize kwanza nukta iko wapi. Majuto ni mjukuu.