Kutafuta Maneno ya Kiingereza kwa Herufi: Neno na Maana Yake

Miongoni mwa kazi zipendwazo na wanachuo wakati wa mazoezi ya kufundisha ni ile ya kuwataka watoto watafute maneno ya Kiingereza yenye herufi fulani. Haihitaji vifaa vya gharama, huchangamsha darasa, na ni nyepesi kusahihisha. Wepesi huo wa kusahihisha ndio unaonitia shaka.

Katika shule moja ya wilaya ya Biharamulo nilimkuta mwanachuo amewapa wanafunzi wa Darasa la Tano kazi ya kutafuta maneno yanayoishia kwa herufi i, c, e. Msichana mmoja alikuwa ameandika manne: “ice”, “mice”, “nice” na “lice”. Yote yalikuwa yamepewa alama ya vema. Nilimwomba anichoree hilo la mwisho. Alichora sahani ya wali. Neno alilolikusudia lilikuwa “rice”, yaani mchele au wali. Aliloliandika maana yake ni chawa. Tahajia haikuwa na dosari, na alama ya mwalimu ilikuwa imeufunika upungufu ambao mtoto yule angekwenda nao hadi sekondari, ambako Kiingereza si somo tu bali ndiyo lugha ya kufundishia.

Hapana budi tuelewe chanzo chake. Mtoto yule hakuwa mzembe. Kihangaza na Kishubi, kama ndugu zao Kirundi na Kinyarwanda, havitumii tofauti ya r na l kutenganisha maana ya maneno. Kisukuma nacho, ambacho husikika pia Biharamulo, kina l lakini hakina r. Kwa hiyo katika darasa moja mtoto huyu huvutwa kwenye r na mwenziwe kwenye l. Kumcheka yeyote kati yao ni kumfunga mdomo, na aliyefungwa mdomo hajifunzi lugha.

Tuanze basi na kile anachokijua. Kiswahili chenyewe hutenganisha kula na kura, mahali na mahari. Waulize watoto: wazee waliokaa kikao kujadili mahali, na waliokaa kujadili mahari, je, wana shughuli moja? Watakapokwisha kutambua kwamba herufi moja imebadili kikao kizima, wako tayari kwa Kiingereza.

Nashauri hatua nne.

Kwanza, herufi zichaguliwe kwa sababu maalumu. Kwa r na l, anza na maneno ambayo herufi hizo zipo mwanzoni, ambapo hutamkwa waziwazi: “rain”, mvua, “leaf”, jani, “road”, barabara, “load”, mzigo. Ikumbukwe kwamba katika Kiingereza kuwapo kwa herufi si lazima kuwe ni kuwapo kwa sauti. “Walk”, kutembea, na “half”, nusu, yana l isiyotamkwa. Maneno ya namna hiyo yafundishwe baadaye, kwa jicho kabla ya sikio.

Pili, watoto watafute katika kitabu walichokwisha kukisoma, ambamo kila neno lina sentensi yake. Kamusi, mathalani ile ya Kiingereza na Kiswahili iliyotolewa na TUKI mwaka 1996, iwe ya mwalimu kuhakikishia maana kabla ya kipindi.

Tatu, neno lisihesabiwe mpaka maana yake ionekane kwa kitendo, mchoro au sentensi. Akisikia “collect the books”, mtoto akusanye vitabu. Akisikia “correct the books”, ashike kalamu asahihishe. Kwa “grass” aonyeshe majani ya uwanjani, na kwa “glass” kioo cha dirisha.

Nne, abadilishe herufi moja na kueleza kilichotokea. “Play”, kucheza, hugeuka “pray”, kusali.

Kwa kazi hii kata kadi za herufi kutoka maboksi. Usizikate kwa idadi sawa. Mmarekani Alfred Butts, alipobuni mchezo wa kupanga maneno ujulikanao kama Scrabble katika miaka ya 1930, alihesabu kwanza jinsi herufi zinavyojirudia katika kurasa za magazeti. Katika vipande 100 vya mchezo huo, e ina 12, r ina 6, l ina 4, na q ina kimoja tu. Mwalimu atakayekata kadi nyingi za a kwa mazoea ya Kiswahili ataona vikundi vikikwama kwa kukosa e.

Pengine mwanachuo atasema kwamba njia hii hula muda, na kwamba darasa lililokuwa likitoa maneno ishirini sasa litatoa sita. Ni kweli. Lakini maneno hayo sita mtoto ataweza kuyatumia akiwa peke yake, mwalimu asipokuwapo.

Utakapopangiwa shule ya Ngara au Biharamulo, tenga ukurasa mmoja katika daftari lako la maandalio. Andika humo kila neno ambalo watoto walilipatia herufi na kulikosea maana, na karibu yake lugha wanayozungumza nyumbani. Baada ya majuma mawili, ukurasa huo utakuonyesha zoezi lifuatalo lianze na herufi zipi.