Mchezo Nao Una Mtungaji Wake

Wazazi wengi wakimwona mtoto ameinamia mchezo wa kompyuta husema, "Upuuzi mtupu!" Maneno hayo nimeyasikia barazani na hata katika chumba chetu cha habari. Siyakubali yote, wala siyakatai yote. Michezo ya kuua na kupoteza wakati ipo tele. Lakini hata vitabu vibaya vipo, na hakuna mzazi ambaye kwa sababu hiyo amemkataza mwanawe kujifunza kusoma. Juu ya mchezo yatupasa kuuliza lile lile tuulizalo juu ya kitabu: nani ameutunga, naye anatuambia nini?

Nilipoanza kuuliza hivyo, majibu yaliyonigusa zaidi niliyapata Ufaransa. Huko, katika miaka ya 1980 na 1990, vijana wachache walitunga michezo ambayo hata leo inaheshimiwa. Éric Chahi, aliyezaliwa mwaka 1967, alifanya kazi kwa muda wa miaka miwili, karibu peke yake, kwa kompyuta ya Amiga, akatoa *Another World* mwaka 1991. Muziki tu ndio uliotungwa na mwenzake, Jean-François Freitas. Ili watu wa mchezo wake watembee kama binadamu, alijipiga picha za video mwenyewe akikimbia na kuruka, kisha akazifuatisha mistari yake. Ndani ya mchezo huo hakuna alama za kuhesabu. Mtu aliyetupwa katika dunia ngeni anafungwa pamoja na kiumbe asiyejua lugha yake, nao wanaokoana bila kuelewana hata neno moja. Nimeona riwaya ndefu zikishindwa kuueleza urafiki kwa namna hiyo.

Wenzake hawakuwa nyuma. Frédérick Raynal alitunga *Alone in the Dark* mwaka 1992, mchezo ulioifungulia njia michezo ya kutisha iliyofuata. Michel Ancel alimwumba Rayman, aliyetokea mwaka 1995, kiumbe mcheshi asiye na mikono wala miguu ila viganja na nyayo zinazoelea hewani. Machi 2006, Waziri wa Utamaduni wa Ufaransa aliwavika wote wawili, pamoja na Mjapani Shigeru Miyamoto, nishani ya sanaa na fasihi. Taifa lilikuwa limekiri kwamba mtunga michezo naye ni msanii.

Lakini ninayemstahi kuliko wote ni mwanamke, Muriel Tramis. Alizaliwa mwaka 1958 katika kisiwa cha Martinique, kilichotawaliwa na Ufaransa, ambako Waafrika walitumikishwa katika mashamba ya miwa hadi utumwa ulipofutwa mwaka 1848. Tramis alisomea uhandisi, kisha akaingia katika kampuni ya Coktel Vision. Mwaka 1987 alitoa *Méwilo*, akishirikiana na mwandishi wa kwao, Patrick Chamoiseau. Msingi wake ni hadithi ya kale ya kisiwani: bwana shamba anamwamuru mtumwa achimbe shimo la kufichia mtungi wa dhahabu, kisha anamwua na kumzika papo hapo ili mzuka wake uilinde mali.

Mwaka uliofuata wawili hao walitoa *Freedom*. Humo mchezaji ni mtumwa anayeandaa maasi usiku katika shamba la miwa. Hawezi kushinda peke yake. Hana budi kuwashawishi wenzake mmoja mmoja. Somo la umoja lililoje! Mwaka 2018 Tramis alitunukiwa nishani ya Légion d'honneur.

Ndugu msomaji, habari hizi haziko mbali nasi kama zinavyoonekana. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja aitwaye Morice alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa ili auziwe watumwa 1,000 kila mwaka. Wafaransa waliwapeleka watu wa pwani yetu katika visiwa vyao vya Bahari ya Hindi, kwenye mashamba kama yale ya Martinique. Tramis alipowasimulia vijana wa Paris habari za babu zake, kwa kiasi fulani aliwasimulia za babu zetu pia.

Basi mtoto akiushika mchezo, keti naye japo kwa robo saa. Muulize shujaa ni nani, adui ni nani, na kwa nini. Mchezo usio na jibu ila "piga, ua" uwekwe kando. Na wewe kijana wa Kilwa au Bagamoyo unayejifunza kuandika programu, kumbuka kwamba Chahi alianza na kompyuta moja, na Tramis alianza na hadithi ya kwao. Hadithi za kwetu, wazee wanazo. Nenda kawaulize wangali hai.