Ngassa na Busu la Jezi

Julai 2012, Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Ni nusu fainali ya Kombe la Kagame, Azam dhidi ya AS Vita ya Kongo. Mrisho Ngassa, winga wa Azam, anafunga bao la ushindi. Wenzake wanamsubiri wamkumbatie, yeye huyoo, anawakimbilia mashabiki wa Yanga, klabu yake ya zamani, na kuibusu jezi yao. Siku mbili baadaye Azam wakacheza fainali. Na nani? Na Yanga hao hao, wakalala 2-0.

Hebu lichukulie kimapenzi, maana ndiyo kazi ya kurasa hizi. Uko na mumeo kwenye harusi ya ndugu yako, umetoka saluni, umependeza kweli kweli. Mara unamwona anavuka ukumbi mzima kwenda kumbusu mpenzi wake wa zamani. Mbele ya wakwe! Utafanyaje, shoga yangu?

Azam walifanya hivi: walimpeleka Simba kwa mkopo. Yaani mtu ameshatangaza moyo wake uko Yanga, wewe unampeleka kwa mtani. Mimi wakati huo nilikuwa chuo, lakini niliporudi Unguja likizo nikakuta habari ndiyo hiyo, kuanzia Darajani mpaka kwenye kahawa ya Jaws Corner. Kisiwa chetu kina timu zake na Uwanja wake wa Amaan, lakini Simba na Yanga zinagawa hadi vyumba vya kulala. Kwetu baba Simba, mama Yanga, na siku ya mechi ya watani chakula kinapikwa mapema ili watu wasionane usoni baadaye.

Mashabiki wa mpira wa Ulaya watakukumbusha Luis Figo. Winga Mreno, miaka mitano Barcelona, kipenzi cha watu, halafu Julai 2000 akahamia Real Madrid, mahasimu wenyewe. Mwaka huo huo akatwaa tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya, Ballon d'Or. Na aliporudi Camp Nou Novemba 2002 kichwa cha nguruwe kikatua uwanjani. Lakini Figo alipoondoka, aliondoka. Ngassa aliondoka mwili tu, na hapo ndipo ninapomwona binadamu kuliko Figo.

Maana kipaji alikuwa nacho. Amezaliwa Mwanza mwaka 1989, mtoto wa Khalfan Ngassa, naye mchezaji wa enzi zake. Akapita Kagera Sugar, akatua Yanga, akawa Anko wa kila mtu. Mwaka 2009 alikwenda Uingereza kwa majaribio West Ham. Mwaka 2010 Azam wakamnunua kwa Sh58 milioni, fedha iliyokuwa gumzo la nchi nzima. Julai 2011 akiwa kwenye majaribio Marekani, Seattle Sounders walimwingiza akitokea benchi dhidi ya Manchester United. Walifungwa 7-0, lakini nani alijali? Mtoto wa kwetu kasimama uwanja mmoja na Rooney.

Desemba 2012, Kampala, kwenye Chalenji, aliifunga Somalia mabao matano peke yake. Raha yetu Wazanzibari ilikuja baadaye, pale Zanzibar Heroes ilipowatoa Bara kwa penalti na kubeba nafasi ya tatu, Ngassa akiwa upande wa pili. Samahani Anko, siku ile hatukukuonea huruma.

Mwezi huo huo El Merreikh ya Sudan walimtaka. Klabu zikaafikiana, mwenyewe akakataa kwenda. Mwaka 2013 akarudi Yanga, ila alikuwa tayari ameshasaini na Simba. TFF ikamfungia mechi sita na kumtaka airudishie Simba Sh45 milioni. Arobaini na tano! Kwa kijana wa Kitanzania hiyo ni nyumba.

Mwanzoni ungesema ilistahili. Februari 2014 Yanga ilikutana na Komorozine ya Komoro kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika. Ngassa akapiga mabao matatu Dar na matatu mengine huko kwao. Raundi iliyofuata Al Ahly walilala 1-0 Dar, bao la kichwa la Nadir Haroub 'Cannavaro', huyu wetu wa Zanzibar, aliyekaa Yanga miaka na miaka bila kumbusu mtu mwingine. Yanga ikatolewa kwa penalti Misri. Na mwaka 2015 Ngassa akaenda Free State Stars ya Afrika Kusini, huku akilalamika kwamba lile deni limemwelemea.

Naandika haya kwa sababu mume wangu ni Yanga, na ameitwa Doha.

Ni mhasibu katika hoteli moja hapa Mji Mkongwe. Bosi wake alimpokea akiwa mwanafunzi wa fildi, akamsomesha kozi, akaja mpaka kwenye harusi yetu. Doha wanatoa mshahara mara tatu. Kila tukikaa kulizungumza ananitajia Ngassa: yule jamaa alikataa Sudan, alifuata moyo. Mimi namjibu alifuata moyo, sawa, bili nani alilipa? Simlaumu Ngassa kwa kupenda. Saini aliyoiweka Simba akijua moyo uko kwingine, hiyo ndiyo sijamsamehe, kwa sababu saini ina watu nyuma yake: mke, watoto, wazee wanaosubiri cha mwisho wa mwezi.

Mume wangu ana jibu. Ngassa si alirudi? Ni kweli. Baada ya Afrika Kusini alikwenda Fanja ya Oman, huko kwenye mashangazi na wajomba zetu, halafu Mbeya City, halafu Ndanda ya Mtwara. Mwaka 2018 Yanga wakamchukua tena. Hawakuwa Yanga wa neema; msimu ule klabu ilikuwa ikitembeza bakuli kwa mashabiki ili ijiendeshe. Akacheza hivyo hivyo. Mwaka 2020 akaachwa pamoja na kundi la wachezaji wengine.

"Unaona?" ananiambia. "Alirudi nyumba ikiwa haina kitu."

Naona, bwana. Doha wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi na mpaka naandika hajasaini popote. Sijamsukuma. Nimemwekea daftari la hesabu mezani tu, mshahara wa hapa upande mmoja, wa Doha upande wa pili, na chini nimeandika ada ya Januari ya mtoto.